Hodi Isiyo na Mwenyewe: Habari za Nyumba ya Epworth, Krismasi ya Mwaka wa 1716

Mazungumzo yetu ya leo ni mazungumzo ya historia, ingawa yumkini wengine wakisikia mwanzo wake watadhani ni hadithi ya kuwatisha watoto.

Kila nchi ina sikukuu zake, na kila sikukuu huwakusanya jamaa. Waliotawanyika kwa ajili ya kazi na masomo hurudi kwao. Na chakula kikiisha kuliwa, wazee huanza kusimulia. Katika yale yanayosimuliwa hayakosi mambo ya kutisha yaliyowapata watu wa nyumba ile ile: sauti iliyosikiwa usiku babu alipokuwa mgonjwa, vishindo vya miguu uani pasipo mtu, mlango uliofunguka wenyewe. Watoto husogeleana, wala hapana atakaye kwenda nje peke yake.

Je, habari za namna hiyo zaweza kuhesabiwa kuwa historia? Mara nyingi haziwezi, kwa sababu msimulizi aliambiwa na mwingine, na huyo aliambiwa na mwingine, na kila mmoja alitia chumvi yake. Walakini iko nyumba moja katika Uingereza ambayo mambo yake ya kutisha, yaliyotokea wakati wa Krismasi ya mwaka wa 1716, yaliandikwa na wenyewe waliosikia, tena yaliandikwa upesi kabla ya kusahauliwa. Barua zao zimehifadhiwa. Twataka kuwaelezeni habari hizo, kisha tuonyeshe faida iliyomo ndani yake, maana faida yenyewe si kujua tu kwamba watu waliogopa.

Kwanza yafaa tufahamu usiku wa nchi ile. Sisi tukaao karibu na ikweta tumezoea usiku wa saa 12 mwaka mzima. Huko Uingereza ya kaskazini sivyo. Mwezi wa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili ya asubuhi, na kabla ya saa kumi ya alasiri limekwisha kuzama. Usiku hupata saa 16 na zaidi, na baridi ni kali. Siku hizo hapakuwa na taa ila mishumaa, na mishumaa ilikuwa ghali. Watu walikaa wakiuzunguka moto, na nyuma yao nyumba yote ilikuwa giza. Basi si ajabu kwamba Waingereza walizoea tangu zamani kusimuliana habari za mizuka wakati wa Krismasi. Charles Dickens alipotoa mwaka wa 1843 kitabu chake cha Krismasi chenye mizuka ndani yake, hakuanzisha desturi mpya; aliikuta.

Kijiji cha Epworth kimo katika mkoa wa Lincolnshire, mahali palipoinuka kidogo katikati ya nchi tambarare iliyokuwa zamani kinamasi kitupu. Tangu mwaka wa 1626 Mholanzi mmoja, Cornelius Vermuyden, alichimba mifereji ili kuyaondoa maji, ipatikane ardhi ya kulima. Wenyeji waliokuwa wakipata samaki, ndege na malisho katika kinamasi kile walikasirika, wakabomoa kazi yake, na ugomvi huo ukaendelea miaka mingi. Watu wa Epworth walijulikana kuwa wakali, wasiopenda kuamriwa.

Padre wa kijiji hicho alikuwa Samuel Wesley, mtu mwenye elimu nyingi, mwenye madeni mengi, na mwenye maneno makali katika mambo ya siasa. Mwaka wa 1705 aliwekwa kifungoni katika ngome ya Lincoln kwa sababu ya deni, na alipokuwa humo watu wabaya waliwachoma visu ng'ombe wake. Usiku wa tarehe 9 Februari mwaka wa 1709 nyumba yake iliteketea kwa moto, na mwanawe John, aliyekuwa na umri wa miaka 5, aliokolewa kwa kupitishwa dirishani muda mfupi kabla ya paa kuanguka. Hapana aliyejua kwa yakini moto ulianzia wapi, lakini wengi walidhani ni mkono wa adui. Padre akajenga nyumba mpya ya matofali, na nyumba hiyo yasimama hata leo. Watu huenda kuitazama. Hiyo ndiyo nyumba tunayotaka kuisimulia.

Mkewe alikuwa Bibi Susanna, mwanamke mwenye akili na utaratibu, aliyewafundisha watoto wake mwenyewe. Alizaa watoto 19, wakaishi 10 tu. Mwaka wa 1716 wavulana watatu walikuwa mbali, katika mji wa London: Samuel, mwenye jina la baba yake, alikuwa mwalimu katika shule ya Westminster, John, wa miaka 13, alikuwa mwanafunzi katika shule ya Charterhouse, na Charles, mdogo wao, alikuwa Westminster pamoja na kaka yake. Nyumbani walibaki mabinti saba: Emilia, Susanna, Mary, Mehetabel aliyeitwa Hetty, Anne, Martha na Kezia. Walikuwako na watumishi wa kike, na mtumishi wa kiume aliyeitwa Robert Brown, ambaye alilala juu kabisa, chini ya paa.

Tarehe 1 Desemba mtumishi mmoja wa kike alisikia mlangoni pa chumba cha kulia sauti ya kuugua, kama ya mtu anayekata roho. Aliposimulia, watu walimcheka. Siku zilizofuata mabinti nao wakasikia. Kulikuwa na kugonga mlangoni, kisha juu ya vichwa vyao, kisha chini ya miguu yao, na mara nyingi kugonga huko kulikuja kwa tatu tatu. Emilia alishuka saa nne ya usiku kufunga milango, kama ilivyokuwa kazi yake. Akasikia chini ya ngazi kishindo kama chupa zote zilizowekwa hapo zimevunjwa vipande vipande. Alipotazama, hapana hata moja iliyovunjika. Robert Brown alisikia mtu akija karibu na kitanda chake akiburuta miguu, na mara nyingine sauti kama ya bata mzinga. Katika chumba kilichofungwa kwa ufunguo ilisikiwa sauti kama ya watu wanaocheza ngoma.

Kwetu sisi mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipojibiwa huenda zake. Mgeni wa Epworth alipiga hodi mara tatu, wala hakwenda.

Bibi Wesley hakuwa mwepesi wa kusadiki. Alisema ni panya, au watu wabaya wanaogonga kwa nje. Akaambiwa kwamba panya hukimbia sauti ya pembe. Basi pembe ikapigwa katika nyumba nzima. Lakini vishindo havikukoma. Vilizidi, vikaanza kusikiwa hata mchana.

Ila padre mwenyewe hakuambiwa neno. Watu wa siku hizo walidhani kwamba ishara ya kifo husikiwa na wote isipokuwa yule atakayekufa. Mkewe na mabinti walipoona kwamba baba hasikii chochote, waliingiwa na hofu kwamba zamu ni yake, wakamficha. Na hofu yao haikuishia kwake. Mama alifikiri pia juu ya wanawe watatu walio mbali: labda mmoja wao amekwisha kufa, na habari bado haijafika. Karibu mwezi mzima mama yule alikula, akalala, akasali na kufundisha huku akiamini kwamba labda mmoja wa wanawe amelala kaburini London. Ilipofika barua ya Samuel mapema mwezi wa Januari na kuonyesha kwamba yu hai, ndipo alipopata nguvu ya kumwandikia, tarehe 12, na kumweleza yote.

Baba alisikia kwa mara ya kwanza usiku wa tarehe 21 Desemba, kama alivyokumbuka. Kabla kidogo ya saa saba ya usiku aliamshwa na kugonga mara tisa kwa nguvu, na baada ya kila mara tatu palikuwa na kituo kidogo. Usiku uliofuata ilikuwa mara sita. Alikuwa na mbwa mkubwa wa ulinzi, akatumaini kwamba huyo ataikomesha kazi hiyo. Mbwa alibweka sana usiku wa kwanza. Baada ya hapo hakubweka tena, bali alikuja kwa watu akilialia, na padre aliandika kwamba alionekana kuogopa kuliko watoto wote.

Krismasi yenyewe iliangukia siku ya Jumanne. Katika usiku wa siku zile padre na mkewe waliamka saa saba, kwa maana kishindo kilikuwa kikubwa hata usingizi haukuwezekana. Wakatembea pamoja chumba kwa chumba, na walipoingia chumba kimoja walisikia sauti katika kile walichokiacha nyuma. Usiku wa Jumatano, tarehe 26, padre alishuka jikoni akagonga boriti kwa fimbo yake. Likajibu kwa hesabu ile ile na kwa nguvu ile ile. Ndipo akagonga kwa namna yake mwenyewe aliyozoea kugonga mlango wake: mara moja, kisha mara tano mfululizo, kisha moja. Safari hii halikujibu sawasawa. Akapanda chumba cha watoto, akawaona wakitetemeka katika usingizi. Akaketi peke yake miguuni pa kitanda, akauliza: wewe ni nani, na kwa nini wawasumbua watoto wasio na hatia? Ukiwa na neno nami, njoo chumbani kwangu ninamosomea. Halikusema neno. Ikasikiwa mara moja tu, kwa nje, na usiku ule ikaisha.

Siku ya Ijumaa, tarehe 28, padre alikuwa amekusudia kwenda kumtembelea rafiki, akaona hawezi kuwaacha watu wake. Akamwita jirani, Bwana Hoole, padre wa Haxey, aje alale kwao awe shahidi. Bwana Hoole naye alisikia. Kisha pakawa kimya mpaka tarehe 24 Januari, ikarudi kwa siku chache, ikatoweka mwisho wa mwezi ule. Hapana aliyekufa, padre mwenyewe aliishi hata mwaka wa 1735.

Mabinti walikuwa wamekwisha kuzoea. Emilia alimpa mgeni huyo jina, Jeffrey, wakawa wakitaniana juu yake kama watu wanavyomtania babu mwenye hasira. Mwanadamu huzoea hata jambo linalomtisha, likikaa naye muda wa kutosha.

Sasa tuje kwenye jambo linalozifanya habari hizi kuwa historia. Samuel, yule mwalimu, alipopata barua ya mama yake hakupiga kelele, wala hakucheka. Tarehe 19 Januari alijibu kwa maswali. Je, pana mtumishi mpya aliyeingia nyumbani, ambaye huenda anafanya mchezo? Vishindo vilipokuwa juu chini ya paa, kulikuwa na mtu huko? Watu wote walipokuwa chumba kimoja, wote walisikia pamoja? Wote walisikia mahali pamoja? Huenda ikawa ni paka, panya au mbwa? Ninyi mliposhuka usiku, wengine wote walikuwa wamelala kweli? Tena aliomba kila mmoja aandike aliyoyasikia mwenyewe.

Mama alijibu kwa unyofu wa kupendeza. Hakuficha lililoweza kuwadhuru watumishi: alikiri kwamba ni kweli wako watumishi walioajiriwa mwezi wa Novemba. Lakini akaeleza kwamba mara nyingi vishindo vilisikiwa watumishi hao wakiwa chumbani pamoja na jamaa, tena wao ndio waliokuwa na hofu kuliko wote. Yule wa kike hakuthubutu kukaa peke yake hata dakika moja giza lilipoingia. Hata ilipofika mwezi wa Machi, Samuel akiuliza bado, mama alimwandikia kwamba amekwisha kuchoka kusikia na kusema habari za mgeni yule wasiyemtaka. Nasi tukisoma twamsadiki zaidi kwa sababu ya kuchoka kwake. Mwongo hachoki upesi kusimulia uongo wake.

Hapa yafaa tuwaonye wanafunzi wa historia. Barua hizo za Januari ziliandikwa kwa hesabu ya zamani ya Uingereza, ambayo mwaka wake ulianza tarehe 25 Machi, na tarehe zake zilikuwa nyuma kwa siku 11 ya zile za nchi nyingi za Ulaya. Hesabu hiyo iliachwa mwaka wa 1752. Basi barua iliyoandikwa Januari baada ya Krismasi ya 1716 yaweza kuonekana imetiwa mwaka wa 1716 bado. Asiyejua atadhani barua imetangulia mambo inayoyasimulia.

Padre naye aliandika daftari yake, na ndani yake mna jambo la kupendeza kuliko yote. Watu wa nyumbani walikuwa wameona kwamba katika sala za jamaa, padre alipofika katika maombi ya Mfalme George na mwanawe, kishindo kilisikiwa juu ya vichwa vyao. Yafaa tukumbuke kwamba George alikuja kutoka Ujerumani kutawala mwaka wa 1714, na kwamba mwaka wa 1715 waliotaka ukoo wa mfalme wa zamani, James, urudi, walishika silaha wakashindwa. Basi wengine nyumbani walisema kwa mzaha kwamba mzuka huyu ni mfuasi wa James. Padre hakuridhika na mzaha. Aliona kwamba siku anapoyaacha maombi hayo, hapana kugonga. Basi asubuhi moja aliyasoma kwa makusudi, apate kujaribu. Likagonga kwa jina la mfalme, likagonga na kwa jina la mwanawe. Akanyamaza asiseme neno mpaka sala ziishe, ili asiwatie watu maneno kinywani. Wote waliokuwamo, watu kumi bila yeye, wakasema wenyewe kwamba wamesikia.

Kwa nini kwa jina la mfalme? Hapa ndipo nyumba inapotuonyesha jeraha lake. Miaka 15 hivi kabla ya hapo, wakati wa Mfalme William, padre aligundua kwamba mkewe hakuwa akisema Amina baada ya maombi ya mfalme, kwa kuwa moyoni hakumkubali kuwa mfalme wa haki. Padre alikasirika, akaapa kutokaa naye tena, akaondoka nyumbani. Walipatana baadaye, na John alizaliwa mwaka wa 1703, baada ya mapatano hayo. Jambo hilo halikusahauliwa. John mwenyewe alipokuwa mzee sana aliandika kwamba aliogopa huenda vishindo vile vilikuwa malipo ya kiapo kibaya cha baba yake. Basi lo lote lililogonga, liligonga pale pale palipouma. Na hivyo ndivyo zilivyo hadithi nyingi za kutisha katika jamaa zetu. Huenda hazituambii sana habari za wafu. Lakini hutuambia habari za walio hai, ugomvi uliofunikwa, kiapo kisichotajwa, deni lisilolipwa. Msikilizaji mwenye akili, akisimuliwa na bibi yake kwamba kivuli kilionekana shambani, haulizi juu ya kivuli peke yake, huuliza pia shamba lilikuwa la nani.

Lakini liko jambo zito kuliko hilo. Emilia, binti mkubwa, alimwandikia kaka yake kwamba yeye adhani ni uchawi. Alitoa sababu: baba yao alikuwa amehubiri Jumapili kadha wa kadha, kabla mambo hayajaanza, akiwakataza watu kwenda kwa wapiga ramli. Wapiga ramli walikuwako Uingereza, na watu wa Epworth waliwaendea kama vile wengine wetu wanavyowaendea waganga. Basi Emilia aliona kwamba waliochukizwa wamelipiza kisasi.

Neno hilo lilikuwa neno la hatari. Sheria ya Uingereza iliyowahukumu wachawi kufa ilikuwa ingali na nguvu; haikufutwa mpaka mwaka wa 1736. Miaka minne tu kabla ya Krismasi ile, mwaka wa 1712, mwanamke mmoja, jina lake Jane Wenham, alihukumiwa kufa kwa uchawi katika mkoa wa Hertfordshire, akaponea kwa msamaha wa Malkia Anne. Jamaa ya Wesley walikuwa na kila sababu ya kumtaja mtu. Ng'ombe wao walichomwa visu. Nyumba yao iliungua. Maadui wao walijulikana. Ingekuwa rahisi kumtafuta kikongwe mmoja kijijini, akaaye peke yake, na kusema: ni huyu. Lakini katika barua zile hatuoni jina la jirani ye yote aliyeshtakiwa. Walishuku, wakaogopa, wakachunguza; hawakumtia mtu hatiani kwa jambo wasilolijua.

Twadhani kuuliza na kuandika ndiko kulikowasaidia. Mtu akishika kalamu aandike aliyoyasikia, saa ngapi, mahali gani, nani alikuwako, huona mara moja umbali uliopo kati ya neno “nilisikia mlango ukigongwa” na neno “fulani amenitumia pepo.” La kwanza ni ushahidi. La pili ni dhana tu, na dhana imeua watu. Katika nchi zetu pia, hata katika miaka ya karibuni, huko Mwanza na Shinyanga na kwingineko, wako vikongwe waliouawa kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi wenyewe mara nyingine ulikuwa macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni waliopikia watoto na wajukuu. Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ni nzuri ya kumtahadharisha mtu, lakini ni mbaya ya kumhukumia mtu.

Wengine watauliza, basi ilikuwa nini? Mwaka wa 1720 John alikwenda Epworth akamwuliza kila mmoja aliyekuwamo nyumbani, akaandika yale tu ambayo kila mtu aliyajua mwenyewe, akayachapisha katika gazeti lake mwaka wa 1784. Yeye alisadiki kwamba ni roho. Joseph Priestley, mtaalamu wa sayansi, alizichapisha barua zenyewe mwaka wa 1791, akaona kwamba ni hila ya watumishi, labda wakisaidiwa na majirani. Wengine baadaye walimshuku Hetty, kwa kuwa vishindo vilimfuata sana, naye alitetemeka katika usingizi. Na maelezo yake mwenyewe hayamo pamoja na ya dada zake. Wengine wamesema ni upepo, mbao za nyumba na hofu ya usiku mrefu. Kila mmoja wa hao alisoma barua zile zile, kwa sababu zilikuwako za kusomwa. Hilo ndilo jambo kubwa. Hukumu zaweza kubadilika karne kwa karne, lakini pasipo ushahidi ulioandikwa hapana cha kuhukumu.

John na Charles walikua wakawa waanzilishi wa Wamethodisti, na mwaka wa 1862 wamisionari wa kanisa hilo walifika Ribe, karibu na Mombasa. Basi jina la jamaa ile si geni katika pwani yetu. Lakini leo twawataja kwa ajili ya mama yao na dada zao, walioketi kwa mshumaa nyumba ikiwa yanguruma, wakaandika.

Nanyi wanafunzi, na wote mjuao kusoma na kuandika, twawapeni kazi. Katika kila jamaa wako wazee wenye habari za namna hii, na wazee hawadumu. Sikukuu ijapo, chukueni daftari. Mwulize babu peke yake, kisha bibi peke yake, msiwaulize pamoja, maana mmoja atamsahihisha mwenziwe na ninyi mtapata habari moja badala ya mbili. Ulizeni ilikuwa mwaka gani, na kama mwaka haukumbukwi, ulizeni ni kabla au baada ya njaa fulani, ya nzige, ya kuzaliwa kwa mtoto fulani. Ulizeni nani alisikia kwa masikio yake na nani aliambiwa. Andikeni yasiyopatana kama yalivyo, msiyapatanishe. Yale mliyoyasikia yaandikeni mahali pamoja, na yale mnayoyadhani yaandikeni mahali pengine. Na likitajwa jina la mtu aliyelaumiwa, andikeni pia alilosema yeye, kama yuko aliyemsikia. Mara nyingi mtaona hapana aliyemwuliza.

Wafanya biashara wana msemo wao, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbukumbu za wazee wetu nazo ni mali. Hodi iliyopigwa Epworth haijapata mwenyewe hata leo, lakini daftari yake haikupotea, na kwa sababu ya daftari ile hapana kikongwe wa kijiji kile aliyelipa kwa roho yake gharama ya usiku wa watu wengine.

Hapa ndipo mwisho wa mazungumzo yetu. Kwa herini.